Etsy, eBay, Amazon au "bure" ya Instagram: muuzaji anabaki na nini?

Anayeanza kuuza mtandaoni huuliza kwanza wapi wanakata kidogo. Jibu ni rahisi, ila halimsaidii. Mahali wanapokata kidogo kuliko kote ni status ya WhatsApp, na wateja wako hapo ni watu ambao namba zao umeshazisevu. Ada ya soko haipimwi peke yake kwa sababu ni bei, na kinachonunuliwa kwa bei hiyo ni mteja. Kwa hiyo swali la kuanzia ni hili: makato haya yananiletea mteja gani, na je, mteja huyo angenifikia hata kama nisingekatwa?

Anayeijua Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, ameshayaona haya kwa macho. Ukitaka fremu (chumba cha duka) inayotazama Mtaa wa Kongo, utatoa kilemba na kodi ya miezi kadhaa kabla hujauza hata soksi. Usipokuwa na fedha hiyo, unachukua chumba ghorofani ambako hakuna mpita njia, kisha unamtegemea winga. Winga anasimama chini barabarani, anamdaka mteja ("bosi, unatafuta nini, njoo nikuoneshe"), anampandisha ngazi, na kwenye bei yako anaongeza cha juu chake. Mteja asiponunua, winga hana chake. Masoko ya mtandaoni yanachanganya njia hizo mbili. Kamisheni ni malipo ya winga. Ada ya mwezi na matangazo ni kodi ya fremu. Mengine yanakutoza zote mbili kwa mteja mmoja, na hapo ndipo hesabu za wengi zinapowapotea.

Kwa nini anayelipa ni muuzaji

Mnunuzi anaingia Amazon bure na anatoka bure, muuzaji ndiye anayekatwa. Wachumi Jean-Charles Rochet na Jean Tirole walieleza mwaka 2003 jinsi masoko yenye pande mbili yanavyopanga bei: upande ulio mgumu kuupata unabembelezwa, na ule usioweza kukaa mbali na mwenzake unatozwa. Tirole alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2014, na kazi hii ilikuwa sehemu ya sababu. Mnunuzi akitozwa kiingilio anageuza njia. Muuzaji akitozwa ananung'unika, halafu analipa, kwa sababu wanunuzi wako humo.

Ila wa kutozwa anaweza kubadilika, na kisa cha China kinaonesha vizuri. eBay ilinunua soko la EachNet na mwaka 2003 ikawa inalimiliki lote, ikiwatoza wauzaji kama ilivyozoea Marekani. Mwaka huohuo kampuni ya hukohuko, Alibaba, ikafungua soko la Taobao bila ada ya kuweka bidhaa wala kamisheni. Mwaka uliofuata ikaleta Alipay, iliyoshika fedha ya mnunuzi mpaka athibitishe kuwa mzigo umefika. Kufikia mwisho wa 2006 eBay ilikuwa imefunga tovuti yake kuu ya huko na kukabidhi shughuli kwa ubia na kampuni nyingine ya Kichina.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa bure dhidi ya ada, lakini Taobao haikuishi kwa hewa. Wauzaji walipojaa, bidhaa yako ilizama chini ya maelfu ya bidhaa kama yako, na ili uonekane ilibidi ulipie tangazo. Mlango wa winga ulifungwa, ukafunguliwa wa fremu. Muuzaji hakukatwa kwa mauzo. Alilipia kuonekana, auze asiuze.

Uingereza mambo yamehamia upande wa pili. Vinted, soko la nguo za mitumba lililoanzia Lithuania mwaka 2008, halimkati muuzaji. Linamwongezea mnunuzi ada ya ulinzi juu ya bei. eBay iliposhindwa kuvumilia, ilifuta ada kwa wauzaji binafsi wa Uingereza mnamo Oktoba 2024, isipokuwa kwenye magari, na miezi michache baadaye ikaanza kumtoza mnunuzi. Ndugu zetu walioko London na Birmingham walioshangilia kwamba sasa wanauza bure wangetazama bei anayoiona mnunuzi. Mwenye pauni 20 za kununulia koti hajali nani kakatwa. Ada ikiwa juu yake, atakuomba upunguze.

Hesabu ya kikapu kimoja

Tuchukue kitu kinachoshikika. Kikapu cha ukili kilichosukwa Zanzibar, kinauzwa Marekani kwa dola 45, na mnunuzi analipa dola 10 za posta. Tuseme gharama ya kukisuka na kukifikisha mpaka kwenye stoo ya ndugu yako aliyeko huko ni dola 22. Namtaja ndugu kwa makusudi. Ili ufungue duka leo Etsy, soko la mtandaoni linalojulikana kwa kazi za mikono, lazima uwe katika nchi iliyomo kwenye orodha ya mfumo wao wa malipo, na Tanzania na Kenya haziko kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana maduka ya bidhaa zetu huko utakuta yanashikwa na dada, binamu au shemeji aliye Marekani au Ulaya.

Etsy inatangaza asilimia 6.5. Mtu anapiga haraka: 6.5 ya 45, dola 2.93, si mbaya. Haiko hivyo. Kwanza, asilimia hiyo inakatwa kwenye bei pamoja na posta, yaani kwenye dola 55, ikawa 3.58. Kuna senti 20 za kuweka bidhaa, zinazodumu miezi minne au mpaka iuzike. Kuna ada ya kupokea malipo, ambayo kwa Marekani ni asilimia 3 na senti 25, tena kwenye 55: dola 1.90. Jumla inafika karibu dola 5.68. Ukiigawa kwa bei ya kikapu ni asilimia 12.6, karibu mara mbili ya iliyotangazwa. Zile dola 10 za posta zinaishia posta; kwenye 45 toa makato haya na 22 za gharama zako, unabaki na 17.32.

eBay ina namba moja kubwa badala ya nyingi ndogo. Kwa bidhaa nyingi, muuzaji asiye na usajili wa duka anakatwa asilimia 13.6 tangu Februari 2025 (kabla ya hapo ilikuwa 13.25), pamoja na senti 40 kwa oda inayozidi dola 10. Malipo yamo ndani. Kwenye dola 55 inatoka 7.88, unabaki na 15.12. Tena eBay inapiga asilimia yake hata kwenye kodi ya mauzo anayolipa mnunuzi, kwa hiyo katika majimbo yenye kodi kubwa makato yanapanda kidogo zaidi ya hapo.

Amazon kwa vifaa vya nyumbani inachukua asilimia 15, posta ikiwemo, na asiye na usajili wa kila mwezi anaongeza senti 99 kwa kila bidhaa iliyouzika. Inakuja 9.24, unabaki na 13.76. Usajili ni dola 39.99 kwa mwezi na unafuta zile senti 99, kwa hiyo kwa upande wa fedha unaanza kukufaidi ukiuza vitu 41 kwa mwezi. Wapo wanaojisajili siku ya kwanza wakiwa na vikapu sita. Hiyo ni kodi ya fremu kubwa kwa mzigo wa kubeba mkononi.

Mpaka hapo Etsy inaongoza. Lakini Etsy ina kipengele kinachoweza kupindua meza: matangazo ya nje. Etsy inalipa ili bidhaa zako zionekane Google na kwingineko, na mtu akibofya tangazo kisha akanunua dukani kwako ndani ya siku 30, unakatwa asilimia 15 ya oda nzima juu ya makato mengine. Kwa kikapu chetu ni dola 8.25 zaidi, na jumla inakuwa 13.93. Ulichobaki nacho kimeshuka kutoka 17.32 hadi kama 9.07. Duka likiwa halijauza dola 10,000 ndani ya mwaka, unaweza kujitoa kwenye mipangilio. Likishavuka hapo, asilimia inashuka hadi 12 lakini kujitoa hakupo tena, hata mauzo yakianguka baadaye.

Je, ujitoe? Mimi ningesema duka jipya libaki. Mteja aliyeletwa na tangazo la Google kwa kikapu ambacho hakuna mtu anakijua ni mteja ambaye hungempata, na dola 9 kutoka kwake ni dola 9 ambazo hazikuwepo. Ubaya unaanza kwa mwenye wateja wake. Yule uliyemtumia linki Instagram wiki hii, ambaye siku kumi nyuma alibofya tangazo lao, anahesabika kuwa wao ndio waliomleta. Winga amemkuta mteja wako anapanda ngazi mwenyewe, akamfuata nyuma, na anataka cha juu.

Wateja milioni 134 ni wangapi kwako?

Kila soko linajisifu kwa idadi ya wanunuzi. Mwisho wa 2024 eBay ilitaja wanunuzi hai milioni 134, Etsy karibu milioni 90. Kwa macho ya haraka eBay ni kubwa mara moja na nusu. Lakini namba hiyo inafaa igawanywe, kwa sababu hauko peke yako. Soko la Etsy lilikuwa na wauzaji hai zaidi ya milioni 5, yaani kila muuzaji ana wanunuzi wasiozidi 18 wa kugombania. Kati ya hao, wangapi wanatafuta kikapu?

Hapo ndipo aina ya mteja inapoishinda idadi. Anayeingia Etsy anaandika kwenye kisanduku cha kutafutia kitu kama "kikapu kilichosukwa kwa mkono", na anategemea kulipa zaidi kwa sababu ya huo mkono. Anayeingia eBay mara nyingi anajua anachotaka kwa jina na namba: taa ya nyuma ya Corolla ya mwaka fulani, lenzi ya kamera iliyoacha kutengenezwa, sarafu ya zamani. Kwa muuza spea au vitu adimu, eBay ni dhahabu, na ile 13.6 anailipa akicheka. Kwa kikapu, mteja wa eBay atauliza kama unashusha bei. Mteja wa Amazon anataka kikapu kesho asubuhi. Hakuoni wewe, anaona Amazon. Mzigo ukifika vizuri atasema "nimenunua Amazon", ukifika umebonyea atasema muuzaji mbaya.

Kuna na masharti ya mlangoni. Etsy hairuhusu kuchukua bidhaa za mikono ya watu wengine na kuzichuuza tu. Lazima uwe umezitengeneza au umezibuni wewe. Binti wa msukaji anayetuma sampuli zake Makunduchi zikasukwe ana la kujieleza. Aliyenunua vikapu 50 Darajani na kuvipandisha na picha nzuri hana, na duka lake linaweza kufungwa. Soko ambalo huruhusiwi kuuza halina ada nafuu kwako.

"Bure" ina bei yake

Turudi nyumbani, ambako wengi wetu tunauzia. Jumia, soko la mtandaoni la Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ikabaki Kenya na Uganda ikikata kamisheni kulingana na aina ya bidhaa. Jiji, tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua iliyonunua biashara ya mwenzake OLX katika nchi tano za Afrika mwaka huohuo, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, haikati kamisheni. Unaweka tangazo, namba ya simu inaonekana, mnakutana wenyewe, na Jiji inapata fedha yake kwa kukuuzia nafasi ya kukaa juu. Halafu kuna Instagram, duka kubwa la nguo la Dar es Salaam lisilo na mlango.

Tumwangalie muuza madera mmoja wa kubuni. Dera ni shilingi 35,000. Kasponsa posti kwa 40,000, DM zimejaa "bei?", "mnatuma mikoani?", "punguza dada", na mwisho wa yote oda kumi zimekubalika kwa malipo ya mzigo ukifika. Boda anatoka. Nane wanapokea na kulipa, nauli ya boda juu yao. Wawili hawapokei simu, au mmoja anasema amepata dharura, tutafutane kesho. Kwenda na kurudi kwa hao wawili kunamla 16,000.

Hesabu yake sasa: 40,000 za tangazo na 16,000 za boda ni 56,000. Gawanya kwa madera nane yaliyouzika, ni 7,000 kwa kila moja. Asilimia 20 ya bei, kwenye soko la bure. Na hapo bado sijagusa bando, makato ya kutoa fedha kwa wale wasiotuma "na ya kutolea", wala masaa ya kujibu "bei?" ambayo ingeandikwa kwenye picha tangu mwanzo. (Kwa kweli sijawahi kuelewa faida ya "bei njoo DM". Soko lolote linalomlazimisha muuzaji aandike bei limemsaidia bila yeye kujua.)

Sisemi Instagram ni mbaya. Nane wale wana jina lako, namba yako na ukurasa wako, na wa tisa atakuja kwa kuambiwa na mmoja wao bila kumlipia mtu. Tangazo la mwezi ujao linaweza kuleta nane wengine wakati hawa wanarudi wenyewe, na ile asilimia 20 ikashuka hadi 10. Amazon, mteja wa mia anakatwa 15 kama wa kwanza. Kwa hiyo bidhaa inayonunuliwa mara kwa mara, kama nguo, sabuni au viungo, inavumilia gharama kubwa ya kumpata mteja mara ya kwanza, mradi akishapatikana ni wako. Bidhaa inayonunuliwa mara moja kwa miaka, kama kabati, haina huo msamaha. Huko afadhali winga: akupe mteja, akate chake, muachane.

Ada haikai ilipo

Kitu kingine kisichoonekana kwenye jedwali la ada ni mwelekeo wake. Etsy, iliyoanza Brooklyn mwaka 2005, ilikata asilimia 3.5 kwa miaka mingi. Julai 2018 ikawa 5, Aprili 2022 ikawa 6.5. Safari hiyo ya mwisho maelfu ya wauzaji walifunga maduka yao kwa wiki nzima kugoma. Ada ilibaki 6.5. Amazon nayo ilishtakiwa na tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo 17, Septemba 2023. Tume ilidai kwamba ukijumlisha kamisheni, matangazo na ghala, wauzaji wengi wanaiachia Amazon karibu nusu ya mapato yao. Ilidai pia kwamba muuzaji akiweka bei ya chini mahali pengine, Amazon inamzika kwenye matokeo ya utafutaji. Dai hilo lina uzito kwa hesabu yetu, maana wengi hudhani dawa ya soko ghali ni kuongeza bei kwenye soko hilo peke yake.

Wauzaji hawahami kwa sababu nyota na maoni ya wateja hayahamishiki. Duka lenye sifa 800 nzuri Etsy likienda eBay linaanza na sifuri, na anayeanza na sifuri lazima auze kwa bei ya chini mpaka aaminike. Soko linalijua hilo linapopandisha ada. Anayepima leo afikirie kwamba namba ya leo ndiyo ya chini kabisa atakayoiona, na kadi ndogo yenye jina la duka ndani ya kila kifurushi ni bima ya bei rahisi. Asome masharti tu, kwani masoko mengine hayataki uwaite wateja nje.

Una vikapu vingapi?

Yote haya yanaweza kupinduka kwa swali moja ambalo watu huliacha mwisho: mzigo wako una kikomo gani?

Tuseme kwa mwezi Etsy inakuuzia vikapu 8, na Amazon, kwa wingi wa watu wake, 14. Etsy bila tangazo la nje ni 8 mara 17.32, dola 138.56. Amazon ni 14 mara 13.76, dola 192.64. Amazon inayokukata zaidi imekupa zaidi, na ukiangalia hapo tu utahama.

Lakini wasukaji wako wanatoa vikapu 12 kwa mwezi, si 14. Ukili hauharakishwi: majani yanakaushwa juani, yanatiwa rangi, yanasukwa nyumbani katikati ya kazi nyingine, na mvua ikinyesha wiki nzima hata 12 ni bahati. Ukivipeleka vyote Amazon unapata 165.12. Ukianza na Etsy mpaka iishiwe wateja wake 8, kisha vinne vilivyobaki ukaviweka Amazon, unapata 138.56 na 55.04, jumla dola 193.60. Zimezidi hata zile za vikapu 14 vya Amazon, na umesuka viwili pungufu.

Muuza vifuniko vya simu kutoka China, ambaye stoo yake haiishi, hesabu yake ni kinyume kabisa. Kwake kila mteja aliyekosa kumwona ni faida iliyopotea, na soko lenye watu wengi linamfaa hata likikata robo, mradi katika kila kifuniko kunabaki kitu. Msukaji wa vikapu 12 anahitaji wanunuzi 12 tu, wale wanaolipa 45 bila kuomba punguzo. Akishawapata, ada anayopaswa kuikataa ni ile ya kumtafutia wa 13.